Vipopoo vya mtama, tofu ya soya na ufuta wa Masasi

Asubuhi kwenye stendi ya Masasi, kabla mabasi ya Newala, Tunduru na Dar es Salaam hayajaondoka, chai hunywewa kwa vitafunwa vya ngano. Mandazi yamejaa kwenye beseni, chapati zimefunikwa kwa kitambaa, na pembeni yupo anayeuza muhogo wa kuchemsha na ming'oko, lakini foleni iko kwa mandazi. Ngano hiyo hailimwi Masasi wala Newala. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa nje, ikasagwa viwandani na kusafirishwa mamia ya kilomita hadi kusini. Barabara hiyohiyo inayoleta unga ndiyo inayoondoka na ufuta, mbaazi na korosho, vikiwa ghafi kama vilivyotoka shambani.

Jambo hilo limenikaa rohoni kwa muda mrefu, na kilichonifanya niliandike leo ni kitafunwa kimoja cha Wajapani. Kinaitwa dango: vitonge vidogo vitamu, huchemshwa, huchomekwa kwenye vijiti vya mianzi na kumwagiwa mchuzi mtamu au kunyunyiziwa unga wa soya iliyokaangwa. Dango ya kawaida ni ya unga wa mchele. Lakini wapo wapishi wa nyumbani wanaochanganya unga wa soba, nafaka ya milimani, na badala ya kukandia maji wanakandia tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Mtu wa Unguja akiwekewa mezani vitonge hivyo atasema ni vipopoo, na hatakuwa mbali na ukweli. Vipopoo vyetu vya mwezi wa Ramadhani ni unga uliokandwa kwa maji ya moto, ukaviringishwa vitonge, ukapikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki. Tofauti kubwa iko kwenye unga. Sisi tumeng'ang'ania ngano, wenzetu wametumia kile walichonacho shambani.

Soba si ngano, wala si jamii moja na mtama au mahindi. Punje yake ina pembe tatu na ganda jeusi, na mmea hukomaa kwa miezi miwili na nusu hivi. Hustawi kwenye udongo dhaifu na milima yenye baridi ambako mpunga hukataa. Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini, ndicho kinacholima kwa wingi zaidi, na Nagano, mkoa wa milima katikati ya nchi, ndio wenye sifa kubwa zaidi. Kwa karne nyingi soba ilikuwa chakula cha watu wa milimani ambao mchele hawakuumudu. Tambi zake, ambazo leo ndizo zinazojulikana duniani, zimetajwa kwenye kumbukumbu za hekalu moja la Nagano za mwaka 1574. Kabla ya tambi, watu walichukua unga, wakamwagia maji ya moto, wakausonga kwa nguvu mpaka ukashikana, wakaula kwa mchuzi. Pishi hilo bado lipo na linaitwa sobagaki. Mama yeyote wa Newala mwenye mwiko na sufuria angelitambua mara moja, kwa kuwa ni ugali.

Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba Wajapani walipotajirika hawakuitupa soba. Waliipandisha hadhi. Leo Nagano inajivunia soba yake kwa wageni, na mgeni hulipa bei nzuri kula chakula ambacho zamani kilikuwa cha wasio na mchele. Huku kwetu mtoto akisoma akapata kazi, jambo la kwanza analoliacha ni ugali wa muhogo na uji wa mtama.

Sasa tofu inaingiaje kwenye kitonge? Wanga wa mchele au nafaka nyingine, ukipikwa kwa maji, hulainika. Ukipoa, chembe zake hujipanga upya na kubanana, na kitonge kilichokuwa laini saa mbili asubuhi kinakuwa kigumu kufikia adhuhuri. Kila auzaye vitumbua anaijua taabu hiyo. Tofu ina maji mengi, protini na mafuta, vitu vinavyochelewesha wanga kubanana. Kitonge kilichokandwa kwa tofu hubaki laini hadi jioni, na juu ya hayo kina protini ya soya ambayo mandazi ya ngano na sukari hayana. Kwa anayeuza vitafunwa juani siku nzima, hiyo ni faida inayoshikika.

Ipo pia habari ambayo watu wa kusini wachache wanaijua. Katika mji wa Ise, mkoa wa Mie, eneo la Futami, kuna jumba la sanaa lililojengwa kwa ajili ya vinyago vya Wamakonde. Mji huohuo ndio wenye hekalu kuu la dini ya Shinto, na karibu na hekalu hilo kuna duka la Akafuku, ambalo tangu mwaka 1707 linawauzia mahujaji kitafunwa cha aina moja: mchele mlaini uliofunikwa kwa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Zaidi ya miaka 300, mchele na maharage. Wamejua kuthamini mpingo wetu uliochongwa, na wamejua kuthamini maharage yao. Nasi tuna cha kujifunza kwa watu wa namna hiyo.

Tuingie jikoni.

Soba hatuna, wala sioni sababu ya kuiagiza. Tuna mtama. Masasi iko chini ya uwanda wa Makonde, ule ambao Newala imekaa juu yake, kwenye nchi ya vilima vya mawe, na mtama unaijua nchi hiyo tangu enzi. Kwa vitonge vitamu utafute mtama mweupe, kama Macia au Tegemeo, kwa sababu mwekundu una ukakasi unaobaki ulimini. Mtama, kama soba, hauna ile gundi inayofanya unga wa ngano uvutike. Ukiukanda peke yake na kuuchemsha, hutawanyika sufuriani ukawa uji. Hapo ndipo muhogo wa Newala unapoingia, kwa kuwa wanga wake hushika na kuvutika. Muhogo peke yake nao huleta kitonge cha mpira kinachochosha taya. Nusu kwa nusu ndiyo niliyoiona inafaa.

Soya italetwa kutoka jirani. Inalimwa kwa wingi Ruvuma, na barabara ya lami ya Songea, Tunduru hadi Masasi imefanya isiwe bidhaa ya mbali. Wala soya si mgeni upande huu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti walizalisha mbegu za soya Nachingwea, kule ambako Waingereza walikuwa wameshindwa na mradi wao mkubwa wa karanga.

Loweka kikombe kimoja cha soya usiku kucha. Asubuhi isage kwa maji, au itwange kwenye kinu mpaka iwe laini, kisha uongeze maji yafike lita moja na nusu. Chemsha, ukikoroga kwa sababu hufura na kumwagika upesi, na ikishachemka iache motoni dakika kumi au zaidi. Usifupishe hapo: soya isiyoiva ina kitu kinachouzuia mwili kusaga protini. Chuja kwa kitambaa safi. Machicha usiyatupe, yanafaa kwenye bajia au chakula cha kuku. Rudisha maziwa motoni, yakikaribia kuchemka ipua, mwagia vijiko vitatu vya maji ya limau, koroga taratibu mara moja, kisha uyaache yatulie. Utaona mabonge meupe yakijitenga na maji ya manjano. Yamimine kwenye kitambaa yachuruzike, lakini usiyakamue sana, maana tunaitaka tofu laini.

Kikombe kimoja cha unga wa mtama uliochekechwa vizuri, umwagie nusu kikombe cha maji yanayochemka, ukoroge na kufunika kwa dakika kumi. Maji ya moto huupika wanga kidogo, na mtama unaanza kushikana. Ongeza kikombe kimoja cha unga wa muhogo na chumvi kidogo, kisha tofu kidogo kidogo huku ukikanda. Kiasi hakipimiki kwa kikombe kwa sababu kila tofu ina maji yake. Wapishi wa Japan wana kipimo chao: donge liwe na ulaini wa ndewe ya sikio. Shika ndewe yako, shika donge, utajua. Viringisha vitonge vya upana wa sentimita mbili, vitumbukize kwenye maji yanayochemka, na vikishaelea uviache dakika tatu. Viopoe uvitie kwenye maji baridi ili visigandane.

Msomaji wa Newala hapo atakuwa ameshatikisa kichwa. Sufuria ya maji ya kuchemshia, nyingine ya maji baridi, na maji ya kutengenezea tofu juu yake! Uwandani maji hayachezewi. Udongo wa mchanga huyanywa maji ya mvua yakapotelea chini, na chemchemi ziko mabondeni. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya wenyeji, aliandika juu ya umbali uliokuwapo kati ya makazi ya Wamakonde na maji yao. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 husukuma maji kutoka Mitema, Kitangari, kuyapandisha uwandani, na bado kaya nyingi hukinga mvua kwenye visima vya saruji ili kuvuka kiangazi. Kwa hiyo pishi hili lazima libadilike likifika Newala. Vitonge visichemshwe, vipikwe kwa mvuke. Weka vikombe viwili vya maji kwenye sufuria, tandaza jani la mgomba juu ya chujio au vijiti, panga vitonge bila kugusana, funika, upike robo saa. Wakati wa kuvipoza vipake mafuta ya ufuta kidogo badala ya kuvitia majini. Vinatoka na harufu ambayo vile vya kuchemsha havina, na kwa maoni yangu vya mvuke ndivyo bora.

Kuhusu muhogo nina la kusema kwa uzito wote. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na kuanika makopa juani peke yake hakuiondoi yote, hasa mwaka wa ukame ambapo sumu huongezeka kwenye mizizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu bila kupona, uliwapata watu mkoani Mtwara, wengi wakiwa watoto na wanawake waliokula muhogo usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo. Njia rahisi ya kujilinda ilibuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na ikafundishwa hukuhuku kusini: changanya unga wa muhogo na maji uwe rojo zito, utandaze kwenye sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu upike siku hiyohiyo. Sumu hupaa hewani kama gesi. Ukitengeneza vitonge, tumia unga uliolowanishwa hivyo na upunguze tofu, kwa kuwa una maji tayari. Hakuna kitafunwa kinachostahili mguu wa mtoto.

Sasa utamu. Hapa ndipo Masasi na Newala zinapomshinda hata mpishi wa Tokyo, maana yeye vitu hivi huviagiza. Japan huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouuza huko. Ukila kitonge cha ufuta Japan, yawezekana kabisa unakula jasho la mkulima wa Lindi au Mtwara. Kaanga ufuta kwa moto mdogo mpaka uanze kuruka, utwange ukiwa bado na joto mpaka utoe mafuta, changanya na sukari na chembe ya chumvi, kisha ugaragaze vitonge humo. Soya kavu iliyobaki nayo ikaange, isage, uchanganye na sukari. Wajapani huiita kinako, nasi tunaifahamu kutoka kwenye uji wa lishe wa watoto.

Kwa mchuzi, nazi ni ya mabondeni na pwani zaidi kuliko uwandani, lakini korosho ipo. Chukua vipande vilivyovunjika, vile vya bei ndogo, uviloweke saa chache, usage na maji, uchuje. Hilo ni tui zito tamu ambalo akina mama wa kusini wamelitia kwenye kuku na mboga miaka yote. Lipashe na sukari na iliki, tumbukiza vitonge, na una vipopoo ambavyo hakuna mahali pengine pa kuvipata.

Na mabibo? Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mabibo huanguka chini ya mikorosho kwa wingi usiosemeka. Kidogo huliwa, kingine hugeuzwa pombe ya uraka, na kilichobaki kinaoza. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, kilichoko Mtwara, kimefundisha watu kutengeneza juisi na jemu kutokana na tunda hilo. Kinachowakimbiza wengi ni ukakasi wake, nao una dawa. Kamua juisi, tia uji mwepesi wa wanga wa muhogo uliopoa, koroga, uache saa chache. Wanga hukamata ukakasi na kuzama nao. Mimina juisi safi ya juu, uichemshe taratibu mpaka ipungue iwe nzito kama asali. Rojo hilo, lenye utamu na uchachu kwa pamoja, juu ya vitonge vya mtama, ndilo ningempa mgeni yeyote aliyefika Newala kutazama Mto Ruvuma na Msumbiji kutoka ukingo wa uwanda.

Kwa asiye na soya kabisa, watawa wa Kibuddha wa Japan wana njia ya kale. Wanatengeneza tofu ya ufuta isiyo na soya hata punje: ufuta uliosagwa laini, wanga wa mzizi wa mmea uitwao kuzu kwa uzito uleule, na maji mara nane au kumi ya uzito huo. Husongwa kwa moto mdogo kama robo saa bila kuacha mkono, mpaka uji ung'ae, kisha humiminwa kwenye bakuli ugande. Weka wanga wa muhogo mahali pa kuzu. Ufuta wa Masasi na muhogo wa Newala, basi.

Tahadhari mbili kabla sijatoka jikoni. Vitonge vinavyovutika vinaweza kumkaba mtu, na Japan kila mwaka mpya wapo wazee wanaopoteza maisha kwa vitonge vya mchele. Mtoto mdogo na mzee umkatie vipande vidogo. Pia soya, ufuta na korosho huwadhuru watu wachache wenye mzio, hivyo muuzaji amwambie mteja kilichomo. Japan sheria inalazimisha soba itajwe kwenye pakiti kwa sababu hiyohiyo.

Wapo watakaosema vitonge havibadilishi maisha ya mkulima. Nawaomba wakumbuke Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza. Bei ikaporomoka huku kwetu, na mkulima akabaki na magunia ambayo hakuwa na pa kuyapeleka, kwa sababu soko lake lilikuwa moja na liko ng'ambo ya bahari. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya korosho, mpaka serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mfumo wa stakabadhi ghalani na minada yake umemsaidia mkulima kuona bei waziwazi, na mimi ni mmoja wa wanaouunga mkono. Lakini mnada haumpi mkulima mteja wa pili. Mteja wa pili ni jirani yake aliyekaa kwenye benchi pale stendi, mwenye kikombe cha chai mkononi na sarafu mfukoni, ambaye kila asubuhi hela yake inakwenda kwenye ngano.

Kuanzisha biashara hii hakuhitaji kiwanda. Kinachohitajika ni mashine ya kusaga iliyosafishwa vizuri, sufuria, chekeche na mikono. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama lishe wa Masasi au Newala kinachotaka kuuza vipopoo vya mtama kina haki ya kuomba, na maofisa wa maendeleo ya jamii wanapaswa kuyapa maombi ya chakula cha asili uzito uleule wanaoyapa ya bodaboda. Shule nazo zina watoto wanaokuja na hela ya kitafunwa. Mwalimu mkuu akiamua, vitonge vya mtama na soya vitauzwa getini kabla ya barafu za rangi.

Kwako msomaji uliye na shamba upande huo, ombi langu ni moja. Msimu wa ufuta ukifika, kabla hujafunga gunia la kupeleka ghalani, chota bakuli moja ubaki nalo nyumbani, utafute mtama mweupe na soya kidogo, na Jumamosi hiyo uwapikie watoto.